Kabla Hamjapakia Lori

Mama amepata kazi nzuri Texas. Mwanawe yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu cha umma huko Ohio, analipa ada ya mkazi wa jimbo. Familia ikihama na mtoto akabaki chuoni, ada yake itapanda au itabaki ilivyo?

Swali hili nimeulizwa kanisani, nimeulizwa msibani, na safari moja niliulizwa kwa simu na baba ambaye lori la mizigo lilikuwa tayari limesimama mlangoni, injini inanguruma. Kila linapoulizwa, waliopo hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema mtoto akishafika miaka 18 ni mtu mzima, mambo ya wazazi hayamhusu. Wa pili husema mzazi akivuka mpaka tu, mtoto keshakuwa mgeni. Wote wamesikia jambo la kweli mahali fulani, ila wamelitoa jimbo moja wakalipeleka jingine, na njiani likaharibika. Marekani haina sheria moja ya ukazi wa ada kwa nchi nzima. Kila jimbo lina yake, na inayomhusu mwanao ni ya jimbo lenye chuo chake, yaani lile mnaloliacha.

Kwa aliyefika karibuni, vyuo vikuu vya umma huku vina bei mbili. Mkazi hulipa kidogo kwa kuwa kodi ya jimbo lake inakiendesha chuo. Anayetoka jimbo jingine huhesabiwa karibu kama aliyetoka ng'ambo. Katika Chuo Kikuu cha California, mwaka wa masomo 2024/25, asiye mkazi aliongezewa dola 34,200 juu ya ada ya mwenzake aliyeketi kiti cha pili. Hiyo ni kwa mwaka mmoja. Zizidishe kwa miaka iliyobaki, kisha ulinganishe na nyongeza ya mshahara iliyokufanya utake kuhama.

Sasa hilo la miaka 18. Mbele ya ofisi ya ada, umri huo peke yake haumfanyi mtu ajitegemee. Majimbo mengi humhesabu mwanafunzi kuwa tegemezi maadamu wazazi wanamlipia au wanamtaja kwenye fomu zao za kodi, na tegemezi hufuata ukazi wa wazazi. FAFSA, ile fomu ya msaada wa serikali kuu mnayoijaza kila mwaka, humhesabu hivyo mpaka afikie miaka 24, isipokuwa kama, kwa mfano, ameoa au kuolewa, ana mtoto anayemlisha, amewahi kuwa jeshini, au ni yatima. Chuo Kikuu cha California nacho hutumia mpaka wa miaka 24 kinapoamua ukazi. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 aliyebaki Columbus, Ohio, huku nyie mkiwa Houston, Texas, ni wa Houston machoni pa karani, ila pale sheria ya jimbo ilipomwekea kinga. Majimbo mengi yameiweka kinga hiyo, lakini kila moja kwa sura yake.

Ohio wamekuwa wema. Kanuni yao inasema mwanafunzi tegemezi aliyekwisha kuandikishwa chuoni kama mkazi, wazazi wake wakihama baadaye, ataendelea kuhesabiwa mkazi maadamu anasoma bila kukatiza na anachukua masomo kamili, mpaka amalize shahada moja. Mama wa Texas, basi, anaweza kwenda. Georgia nao wana kanuni inayofanana: mzazi akiondoka, mwanafunzi aliyekuwa ameandikishwa kihalali kama mkazi hubaki hivyo, mradi asikatize masomo katika vyuo vya umma vya jimbo hilo.

Ukiwa Florida au North Carolina, hesabu inabadilika. Huko sheria inampa mwanafunzi muhula wa huruma wa miezi 12 tangu siku ukazi ulipopotea. Miezi ikiisha katikati ya muhula wa masomo, anasogezewa mpaka muhula huo uishe. Baada ya hapo bei ni ya mgeni. Wazazi wa mtoto aliye mwaka wa nne huko wanaweza kuhama wakiimba. Wa mtoto aliye mwaka wa kwanza wamenunua mwaka mmoja tu, na lazima waamue mapema watafanyaje na miwili au mitatu iliyobaki.

Ndiyo maana nasema tarehe ya kuhama ni nzito kuliko umbali wa kuhama. Soma tena kanuni ya Ohio: inamlinda aliyekwisha kuandikishwa. Mtoto aliyemaliza darasa la 12 mwezi Mei, akapata barua ya kukubaliwa, na masomo yakawa yanaanza mwishoni mwa Agosti, bado hajaandikishwa masomoni. Wazazi wakihama Julai wamemwondolea kinga kabla hajaivaa. Wakihama Septemba, akiwa ameketi darasani na muhula umeshika, anayo. Tofauti ni wiki saba. Nimeona familia ikiharakisha kuhama Juni ili wadogo zake waanze shule mpya kwa wakati, na kwa haraka hiyo mkubwa akabaki hana kwao: jimbo la zamani linasema wazazi wako si wakazi tena, jimbo jipya linasema hamjatimiza miezi 12. Miezi hiyo 12 ndiyo kipimo cha majimbo mengi, na ukiingia mwaka wa kwanza kabla haijatimia, unaingia kwa bei ya mgeni.

Njia nyepesi hapo ni mzazi mmoja kutangulia na mwingine kubaki mpaka masomo yaanze. Majimbo mengi hutosheka na mzazi mmoja aliye mkazi. Lakini abaki kweli, alale pale, alipe kodi ya nyumba pale. Hapa naomba niwaguse madereva wa malori, maana ni wengi kati yetu. Baba anayeshinda barabarani hupenda kusema, "Mimi nyumbani kwangu ni lori, nitaandika bado niko Ohio." Leseni yako ya lori kubwa hutolewa na jimbo la makao yako, na sheria ya serikali kuu inakutaka uihamishe ndani ya siku 30 ukihamia jimbo jingine. Ukiwa na leseni ya Texas, huwezi kumwambia msajili wa chuo kwamba makao yako ni Ohio. Na ukiwa na leseni ya Ohio huku mke, watoto na kitanda chako viko Texas, una tatizo kubwa kuliko ada.

Yako majimbo ambayo, badala ya kumtazama mzazi, humtazama mtoto alisoma wapi sekondari. Texas yenyewe ina njia hiyo. Mwanafunzi aliyehitimu sekondari Texas, akiwa ameishi humo mfululizo kwa miezi 36 kabla ya kuhitimu na miezi 12 kabla ya siku ya kuhesabu wanafunzi chuoni, hupata ukazi kwa miguu yake mwenyewe, hata wazazi wakiwa wamehamia kwingine. California, tangu sheria iitwayo AB 540 ya mwaka 2001, humsamehe ada ya ziada aliyesoma sekondari humo miaka mitatu akahitimu. New York huangalia miaka miwili ya sekondari na cheti cha humo, mradi aombe chuo ndani ya miaka mitano. Mwenye mtoto wa aina hii asimchukue kwenda naye "kupumzika" jimbo jipya mwaka mzima, hasa aliyesoma Texas. Ile miezi 12 ya mwisho inahesabiwa.

Ila hapa pana ufa. Sheria za njia hii zilipita kwa nguvu ya vijana wasio na vibali, na zimekuwa uwanja wa mapambano. Juni 2025 mahakama ya serikali kuu iliifunga njia ya Texas kwa wasio na uhalali wa kukaa nchini. Mkimbizi aliyeletwa rasmi, mwenye kadi ya kijani na raia hawakuguswa na hukumu hiyo. Kama karatasi za familia yenu bado zina maswali, muoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla hamjajaza fomu yoyote ya ukazi, na msimwendee mjuzi wa mtaani, mimi nikiwemo.

Tuseme basi mtoto anabaki, na kinga anayo. Kazi inayofuata ni kuilinda, na inavunjwa na mambo madogo ambayo hayafanani kabisa na mambo ya chuo. La kwanza ni kukatiza masomo. Kijana mmoja ninayemfahamu alifiwa na bibi aliyemlea. Akapanda ndege mpaka Kigali, akaendelea kwa gari hadi Bukavu, akazika, akakaa na wafiwa kama inavyopasa. Aliporudi, muhula wa Januari ulikuwa umekwenda zake. Wazazi wake walikuwa wamehama tayari. Chuo kilimpokea mwezi Agosti kama mwanafunzi anayeanza upya, kwa bei ya mgeni, na hakuna aliyemkosea: kanuni ilisema bila kukatiza, naye alikatiza. Laiti angeomba likizo rasmi kwa maandishi kabla ya kuondoka, angekuwa na karatasi ya kujitetea. Msiba hausubiri, najua. Barua pepe ya mistari mitatu huandikwa uwanja wa ndege.

La pili ni kupunguza masomo. Mwanafunzi anafanya kazi ghala la usiku, anachoka, anaacha somo moja, krediti zinashuka chini ya 12 ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha masomo kamili. Katika jimbo linalodai masomo kamili, amejitoa kwenye kinga kwa kubofya kitufe kimoja. Kabla ya kuacha somo lolote apite kwa msajili aulize. Likizo ya kiangazi kwa kawaida haihesabiwi kuwa kukatiza, lakini nayo aiulizie.

La tatu ni kuhama chuo. Mama anamkumbuka mwanawe, anamwambia njoo huku, vyuo vipo. Vipo, ila kwa mwaka wa kwanza huenda mkalipa bei ya mgeni, na mkishindwa, kule mlikotoka kinga imekwisha kukatika. Wazee wa pwani walishaonya usiache mbachao kwa msala upitao. Kama lazima aje, aje baada ya nyie kutimiza miezi 12, mkiwa na karatasi zake mkononi.

Na karatasi ndizo zinazosahaulika kuliko vyote. Mtoto anayebaki awe na maisha yanayoonekana kubaki: leseni ya udereva ya jimbo la chuo, mkataba wa chumba kwa jina lake, taarifa za benki zinazofika kwenye anwani hiyo, na kama ana kazi, alipe kodi ya mapato ya jimbo hilo. Gari ni mtego mmoja. Wazazi wengi huandikisha gari la mtoto kwa jina lao ili bima iwe nafuu. Wakihama, gari linapata namba za jimbo jipya, na kijana anazunguka chuoni na ushahidi dhidi yake umefungwa kwa skurubu nyuma ya gari. Mtego mwingine ni fomu za msaada. Mnapoomba bima ya afya ya Medicaid au msaada wa chakula jimbo jipya, mnaulizwa nani anaishi nyumbani. Mkimwandika aliyebaki chuoni ili kaya ionekane kubwa, mmetia saini kwamba yeye ni mkazi wa huko. Ofisi mbili zikilinganisha maandishi, hamna la kusema.

Msio raia, wekeni jambo hili moyoni. Karani wa chuo anaposoma orodha ya vithibitisho vya ukazi, mara nyingi hutaja kadi ya mpiga kura. Anaitaja kwa kila mtu, bila kujua wewe ni nani. Mwenye kadi ya kijani au hadhi ya ukimbizi asijiandikishe kupiga kura, asikubali hata akiulizwa kwa haraka kwenye dirisha la leseni. Kudai uraia usio nao kunaweza kumfungia mtu mlango wa uhamiaji maisha yake yote, na hakuna ada ya chuo yenye thamani hiyo. Badala yake itumieni vizuri sheria nyingine inayowahusu: asiye raia akihama lazima aiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Wazazi wajaze yao. Mtoto aliyebaki na anwani ileile hana cha kujaza, na rekodi hiyo inayoonyesha hakuhama ni shahidi mzuri.

Kuna mambo mawili nashauri msiyaguse. Moja ni kutumia anwani ya shangazi. Tunaishi kwa kusaidiana, na huko nyumbani mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna anayeuliza cheti. Lakini fomu ya ukazi huapiwa, na kiapo cha uongo kinaweza kumwondoa mtoto chuoni, licha ya deni la nyuma. Ulezi wa mahakama uliotafutwa mwezi mmoja kabla ya masomo nao makarani wanautambua. Jambo la pili ni kumtangaza mtoto anajitegemea ilhali mnamtumia pesa kila mwisho wa mwezi. Kujitegemea hupimwa kwa fomu za kodi na mapato yake, mara nyingi kwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Kijana anayejilipia kweli aende akadai haki yake. Anayelipiwa asijaribu.

Familia zenye mzazi jeshini zina bahati yao. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 2008 inasema mtoto wa askari aliye kazini, aliyeanza chuo kwa ada ya mkazi, ataendelea nayo akisoma bila kukatiza hata mzazi akipelekwa kituo cha jimbo jingine. Vijana wetu wengi wameingia jeshini kutafuta uraia. Wenye watoto waijue.

Na kama mmekwisha hama, bili imekwisha kuja? Kwanza, msilipe kimya kimya. Karibu kila chuo kina njia ya kuomba hadhi ipitiwe upya, ina fomu na ina siku ya mwisho, ambayo mara nyingi ni karibu sana na siku ya kwanza ya masomo. Haki ya kusikilizwa si hisani: mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline iliyotoka Connecticut, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema jimbo linaweza kutoza bei mbili, lakini haliwezi kumwita mtu mgeni milele bila kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba ni mkazi. Nendeni na tarehe: siku mtoto alipoandikishwa, siku mlipohama, vielelezo vya kila moja. Machozi hayana safu kwenye ile fomu.

Mkishindwa, bado kuna milango ya pembeni. Minnesota ina mapatano ya ada na Wisconsin, North Dakota na South Dakota, hivyo familia inayotoka Minneapolis, Minnesota, kwenda Fargo, North Dakota, haijapoteza sana, mradi mtoto ajaze ombi, haliji lenyewe. Majimbo ya magharibi yana mpango wao wa pamoja ambao huweka ada isizidi mara moja na nusu ya ada ya mkazi, na majimbo ya kati yana mfano wake. North Carolina ina vyuo vinne, Elizabeth City, Fayetteville, Pembroke na Western Carolina, ambako mwaka wa masomo 2024/25 mkazi alilipa dola 500 za masomo kwa muhula na asiye mkazi dola 2,500. Hiyo bei ya mgeni ilikuwa chini ya bei ya mwenyeji katika vyuo vingi vikubwa. Nimewahi kuwatajia wazazi wakadhani natania.

Ulizeni pia juu ya misaada ya masomo ya jimbo, na muiulizie peke yake. Kusamehewa ada ya ziada si lazima kuwe sawa na kuwa mkazi, na baadhi ya ruzuku hudai ukazi wenyewe. Ada inaweza kubaki palepale, ruzuku ikaondoka, na nyumbani mkaona pengo msilolitarajia.

Yote niliyoandika hayachukui nafasi ya barua moja. Mtoto mwenyewe, kwa anwani yake ya chuo, amwandikie msajili kwa Kiingereza maneno haya: mimi ni mwanafunzi niliyeandikishwa kama mkazi, wazazi wangu wanatarajia kuhamia jimbo fulani tarehe fulani, mimi nabaki, nasoma masomo kamili, je, hadhi yangu itabadilika, lini, na kwa kanuni ipi? Aombe jibu kwa maandishi, na kanuni itajwe kwa namba yake. Jibu likija kwa simu, aombe litumwe tena kwa barua pepe. Lichapisheni, mliweke kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa, na lori likodiwe baada ya hapo.